Ncha ya Sindano Iliyopotea

Kila asubuhi ya likizo, jamani, Karani ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye karakana ya ushonaji ya mama yake mkubwa. Alifagia vipande vya nyuzi, akafuta cherehani vumbi, kisha huyoo, mbio kwenye kazi aliyoipenda kuliko zote: ubao mweusi wa mlangoni. Mafundi walimpa jina la Karani kwa sababu ya ubao huo, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Ubaoni yaliandikwa majina ya waliokosea. Pindo limepinda? Jina. Sindano imevunjika? Jina, tena kwa herufi kubwa, likae wiki nzima wateja walisome.

"Wakiona haya, watakuwa makini," Mama Mkubwa alisema. Na Karani aliringa na chaki yake utadhani karakana ni yake!

Lakini karakana yenyewe ilikuwa imepooza. Zamani ungemsikia Dada Cheko, fundi wa cherehani ya dirishani, akicheka mpaka nje barabarani. Siku moja mama mkwe wake alikuja kuchukua gauni, akalisoma jina la Dada Cheko ubaoni kwa sauti, herufi moja moja. Dada Cheko aliifunika cherehani yake, akaondoka, hakurudi tena. Tangu hapo palibaki ngurumo za cherehani na mvua juu ya mabati, basi.

Alhamisi walikuwa wakimalizia nguo arobaini za watoto wachanga za kliniki. Mama Mkubwa alipotoka kununua nyuzi, Karani alikaa kwenye cherehani ya Dada Cheko ashone pindo la shingo. Alikanyaga haraka haraka. Tak! Sindano ikavunjika. Nusu ilibaki juu, ncha haionekani.

Kila fundi aliijua sheria: hupati sindano mpya mpaka vipande vyote vipatikane. Karani alipapasa sakafuni, akakung'uta nguo. Hakuna. Akautazama ubao. Polepole akafungua droo, akafunga sindano nyingine, nguo akaitupa kwenye rundo.

"Karani, mbona kimya? Umemeza chaki?" aliuliza Babu Vifungo, mzee aliyeshona vifungo.

"Hamna kitu, babu."

Jioni alirudi nyumbani. Mama yake alikuwa akimvalisha mdogo wake wa miezi mitatu, na Karani aliona shingo tu: laini, yenye mikunjo.

Asubuhi alifika mbio, amelowa chapachapa. Nesi wa kliniki alikuwa tayari mlangoni, furushi la nguo kwapani, anaaga.

"Usizichukue!" Karani alipiga kelele.

"We mtoto, una wazimu?" Mama Mkubwa alimkemea.

"Nilivunja sindano, Mama Mkubwa. Ncha sikuiona. Imo humo."

Nesi aliliweka furushi chini taratibu. "Nina mtoto wa siku mbili ananisubiri na hizi," alisema.

Mama Mkubwa alichukua chaki. Uso ulimkauka. Karani akainamisha kichwa.

"Ukiandika lake, andika na langu," alisema Babu Vifungo, akisimama kwa shida. "Mwezi uliopita nilivunja mbili. Vipande nilivipata, lakini nilinyamaza, nikanunua nyingine mwenyewe."

"Na mimi," alisema fundi wa sketi, bila kuinua macho.

"Hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje, mama, na ubao ule unatutolea macho?"

Chaki ilimponyoka Mama Mkubwa, ikavunjika sakafuni. Hakuiokota. Alileta sumaku kubwa, wakafungua furushi, wote, hata nesi, wakaipitisha juu ya nguo moja moja. Kumi. Ishirini. Nguo ya thelathini na moja, sumaku ikanasa shingoni. Mama Mkubwa aliichomoa ncha kwa koleo, akajikuta amekaa.

"Nilidhani nimewafundisha umakini," alisema. "Kumbe nimewafundisha kuficha. Karani, sikiliza mwanangu. Ukiongoza watu, wasikuogope hadi washindwe kukwambia kilichoharibika. Anayesema nimekosea anawaokoa wenzake. Wewe leo umesema, ila umechelewa usiku mzima. Na aliyekuchelewesha ni mimi."

Nesi aliondoka na nguo zake. Mama Mkubwa aliushusha ubao, kisha akamshika Karani mkono wakaenda kwa Dada Cheko. Hakuwakaribisha ndani.

"Nimekukosea, mdogo wangu," alisema Mama Mkubwa. "Nisamehe."

"Nami nilikuandika, dada," Karani alinong'ona.

"Mama mkwe bado ananiita yule wa ubaoni," alijibu Dada Cheko. "Nitafikiria." Akafunga mlango.

Jumatatu alikuja. Alisalimia kwa mkato, akafunua cherehani yake, akashona. Hakucheka hata Babu Vifungo alipovaa kofia ya mtoto mchanga kichwani.

Saa sita mchana, tak! Mashine zote zikanyamaza. Dada Cheko aligeukia mlangoni. Ukutani palibaki msumari mtupu. Akakohoa kidogo.

"Sindano yangu imevunjika," alisema kwa sauti.

Karani alikuwa ameshapiga magoti na sumaku mkononi. "Imerukia upande gani, dada?"