Nani Amebadilisha Mashine Yangu ya Kukereza?

"Hii siyo mashine niliyoilipia!"

Sauti yangu ilitikisa mabati ya karakana, wasomaji wangu. Wabebaji walikuwa wamekwisha kuondoka. Mahali nilipopatayarisha kwa mikono yangu, palisimama mashine nyingine kabisa ya kukereza mbao!

Naomba mnielewe. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kukereza mabakuli ndiyo starehe yangu ya uzeeni. Mashine yangu ya zamani ilikuwa ndogo na nyepesi. Ukiifungia gogo, inarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Juzi gogo lilichomoka, likapita karibu na sikio langu, likavunja dirisha!

Mke wangu akasema maneno mafupi.

"Mzee wangu, tafuta mashine ya maana, au humu ndani nafuga kuku."

Basi nikaenda dukani. Ya bei rahisi nikaikataa. Ya kiwandani ilikuwa kubwa kuliko karakana yenyewe. Muuzaji, kijana mwenye maneno matamu, akanivuta kando.

"Cheki hii ya bei ya kati, Mzee! Ina taa, ina kioo cha namba. Kali kinoma!"

"Kijana, mimi sikerezi taa. Ikipunguzwa mwendo, inazunguka polepole kiasi gani?"

Akababaika...

Nikachagua mwenyewe. Bei ya kati, chuma kizito kisichotikisika, mwendo wa taratibu kwa gogo ambalo bado halijawa duara. Na kimo chake kilikuwa kimo changu.

Sasa hii iliyoletwa ilikuwa fupi! Kila mkerezaji anajua kwamba pale mti unapozungukia panapaswa kuwa usawa wa kiwiko chake. Mimi hapa nilipinda mgongo kama mtu anayetafuta sindano.

Nikampigia muuzaji.

"Tapeli mkubwa wewe!"

"Mzee, shusha presha! Kuna mtu wa nyumbani kwako alikuja kubadilisha. Bei ni ileile. Akaniomba nikaushe, nisikwambie."

Mtu wa nyumbani kwangu!

Nikawaita wote, nikawapanga mstari kama gwaride la asubuhi.

"Mmoja mmoja, kiwiko kwenye mashine!"

"Baba, sisi ni watu wazima," mwanangu akanung'unika.

"Kunja mkono!"

Kiwiko chake kikapita juu mno. Cha mkewe, juu vilevile.

Mke wangu akasogea bila kuitwa. Akakunja mkono...

Kikatua palepale!

"Wewe?!"

"Mimi."

"Una shughuli gani na mashine?"

"Nakereza. Kila ukienda kwenye vikao vyako vya wastaafu."

Mkamwana wangu akaangalia dari. Alikuwa akijua!

"Nimechoka kusimama juu ya kreti," mke wangu akaendelea. "Ipo siku ningeangukia patasi. Hii ina miguu ya kupandisha na kushusha. Uzito uleule, mwendo uleule. Wewe hukuitazama hata mara moja."

"Ungeniambia!"

"Umekataza mtu kugusa chombo chako. Ningeanzia wapi?"

Nikashikwa na hasira.

"Washa basi! Tuone huo ukerezaji!"

Akawasha. Maranda yakatoka marefu, laini, yakamwagika miguuni pake. Yangu mimi hutoka vumbi...

"Umejifunzia wapi?"

"Kwenye mabakuli yako, mzee wangu. Unayaacha na mikwaruzo, unarudi unayakuta yanang'aa. Ulidhani yanajilainisha yenyewe?"

Mwanangu akatoka nje mbio. Nilimsikia akicheka mpaka getini.

Wasomaji wangu, somo ni hili: ukitaka kununua mashine nzuri zaidi, chunguza uzito, chunguza mwendo, kisha uliza kwa sauti ni nani mwingine huitumia ukiwa hupo. Mimi sikuuliza, nikafedheheka mbele ya wanangu.

Mashine inabaki. Tumepangiana zamu.

Kuhusu mabakuli ambayo nimekuwa nikiwaonyesha humu mkinisifu... sitajibu maswali.