Jina Lililokwanguliwa Kwenye Fimbo ya Baba

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, muuguzi, mkazi wa Carrollton hapa Texas. Nawaandikia nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Najua mtaniambia Mkristo hafai kuweka kinyongo. Sawa, nitatubu baadaye. Kwanza nisikilizeni!

Marehemu baba yangu alifanya kazi kwenye kambi moja chini ya Mlima Kenya, ambako wazungu walikuja kuvua trauti kwenye mito ya baridi. Yeye aliwabebea mizigo na kuwaonyesha samaki walipo. Fimbo zao za kuvulia zilikuwa za mwanzi uliopasuliwa: vipande sita vyembamba, kila kimoja kimepigwa randa kikawa na pembe tatu, kisha vyote vikaunganishwa kwa gundi vikawa ufito mmoja. Zikivunjika walizitupa. Baba aliziokota, akazibandua, akatazama zilivyoundwa. Hakuna mzungu aliyemfundisha! Alijifunza mwenyewe, jikoni kwa mama, kwa randa ya kuazima.

Kila fimbo aliyoitengeneza aliipa jina. Aliliandika kwa wino mweusi, juu kidogo ya mshikio, halafu akapaka vanishi ili maji yasilifute. Moja aliiita Mwalimu, kwa sababu siku ya kwanza ilimchapa usoni. Nyingine aliiita Shemeji, kwa kuwa ilikuja nyumbani kwa muda ikakataa kuondoka.

Ile aliyonipa mimi iliitwa Nyambura.

Nyambura alikuwa mdogo wangu. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, na wa pili jina la mama ya mama. Mimi ni Wairimu, nimebeba jina la nyanya upande wa Baba. Mdogo wangu akapewa jina la nyanya wa pili. Alikufa kwa homa ya mapafu akiwa na miezi saba... na mama hakujaliwa mtoto mwingine. Nyanya akabaki bila mjukuu wa kubeba jina lake. Mnajua hilo ni jambo la uchungu kiasi gani kwa mzee? Basi Baba akatengeneza fimbo nzuri kuliko zote, akaifunga nyuzi za kijani, akaandika Nyambura. Akampelekea mama mkwe wake aishike. Nyanya aliipakata kama mtoto.

Hilo ndilo jina ninalowasimulia. Halikuwa pambo!

Sasa mje kwa Josphat. Tulikutana Houston kwenye maombi ya kumuaga Mkenya mwenzetu. Ana nyumba Stafford, karibu na Houston, ameachana na mkewe, ana sauti ya kuongoza ibada na viatu vinavyong'aa. Tena alikuwa mtu wa fimbo za zamani, anazikusanya, ana kilabu cha wazee wa kizungu wenye wazimu huo huo. Nilipomwambia ninayo moja chini ya kitanda, karibu apige magoti!

Akaanza kuja Carrollton kila wikendi. Tukazungumzia harusi. Siku moja akaitoa fimbo kwenye mfuko wake, akapitisha kidole juu ya vanishi iliyopasuka, akasema, "Wairimu, hii kitu ni ya maana sana. Niachie nii-restore. Kufikia harusi yetu itakuwa inang'aa."

Mimi nikasema, "Chukua tu." Kwa mdomo wangu huu!

Akataka nimweleze habari yake yote. Akaweka simu mezani, ati anarekodi kwa ajili ya wajukuu wetu. Nilisimulia mchana mzima: kambi, randa ya kuazima, Nyanya, mtoto. Nililia, naye akanifuta machozi. Nilidhani ni mapenzi. Kumbe nilikuwa nafanyiwa mahojiano!

Baada ya hapo harusi ikaanza kusogea. Mara kazi nyingi, mara mgongo unamuuma. Simu zikapungua, halafu zikakatika kabisa. Nikiuliza fimbo, ananiambia vanishi haijakauka. Miezi minne, vanishi gani hiyo?

Kisha muuguzi mwenzangu aliyehamia Houston akanitumia video. "Dada, huyu si Josphat wako?" Alikuwa yeye, ameshika fimbo yenye nyuzi za kijani, anawaambia watu kwamba aliitengeneza babu yake! Kilabu chake kilikuwa na maonyesho ya fimbo zenye majina huko Houston Jumamosi iliyofuata.

Jumamosi hiyo binti yangu Madison, mwenye miaka kumi na tisa, alikataa niendeshe gari na hasira zile. Akanipeleka yeye, saa nne za barabara, mimi nikinung'unika njia nzima.

Ukumbi ulijaa meza, na juu ya kila meza fimbo kuukuu na kadi inayoeleza asili ya jina lake. Niliiona ya Baba kutoka mlangoni. Ilikuwa inang'aa kweli. Nikainama pale juu ya mshikio... wino haukuwepo! Alikuwa ameikwangua vanishi yote pamoja na jina, halafu akachoma neno jingine kwa chuma cha moto.

Memsahib.

Kadi ilisema babu yake aliitengeneza kwa heshima ya mama mwema wa kizungu aliyemfundisha kazi. Mzungu aliyemfundisha!

Josphat alikuja mbio, akaninong'oneza, "Wairimu, please, usini-embarrass hapa. Nani anataka kusikia story ya mtoto amekufa? Hawa watu wanapenda ya Memsahib."

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo: "Inaitwa Nyambura!" Mzee msimamizi wa maonyesho alipofika, Josphat akamwambia mimi ni jamaa yake na nina matatizo ya akili! Nikatoa simu, nikamwonyesha mzee yule picha ya Baba ameshika fimbo hiyo hiyo, nyuzi zile zile. Akatazama picha, akatazama fimbo. Akaiondoa kadi mezani. Nami nikabeba fimbo ya baba yangu nikatoka. Hakuna aliyenizuia, na Josphat alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mngedhani hapo nimeshinda, eh?

Tulipoingia garini, Madison hakuwasha injini. Akaniuliza, "Mom, who's Nyambura?"

Ndugu wasomaji, kuna jambo sikuwaambia. Madison alipozaliwa baba yake alikuwa ameshatuacha, kwa hiyo jina lilikuwa langu kuchagua. Baba alipiga simu akiwa na furaha, akauliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia Madison, ili walimu wa hapa wasipate shida. Alikuwa akitarajia kusikia Nyambura. Akasema tu, "Ni jina zuri." Nilipoenda kumtembelea mwaka uliofuata, ndipo aliponipa ile fimbo. Akasema, "Basi, nenda na huyu." Nikamweka chini ya kitanda.

Nilimjibu Madison kwa Kiswahili, naye akawa ananikatiza kwa Kiingereza, anataka kujua zaidi. Tulifika Huntsville, njiani kurudi nyumbani, bado analifanyia mazoezi jina hilo, anakosea, namrekebisha.

Fimbo iko ukutani, imeandikwa Memsahib. Fundi amesema alama ya moto imeingia ndani, akiikwangua tena fimbo itavunjika.

Nawasihi, hasa sisi tulio ugenini. Msimpe mpenzi habari za nyumbani kwenu kabla ya kuwapa watoto wenu. Josphat sijamsamehe. Lakini yeye alilifuta jina lile mara moja tu. Mimi nilikaa nalo miaka kumi na tisa bila kumpa mwenyewe.