Maneno ya Dada Jukwaani

Kila asubuhi Kimya na dada yake walitandika kitanda kimoja, huyu upande huu, yule upande ule. Dada alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Kimya alisomea maigizo chuoni. Wenzake walimpa jina hilo la Kimya kwa sababu hakuwa msemaji.

Mtihani ulikuwa Ijumaa. Kila kikundi kilitakiwa kutunga igizo lake chenyewe. Kikundi cha Kimya kilikuwa na watu watatu, na hadi Jumatatu hakikuwa na kitu. Wenzake wakamkazia macho. Akatoa alichokuwa nacho: maneno aliyoyasema dada siku aliporudi akilia.

Jumatano dada alimpelekea ufunguo wa nyumba chuoni. Alipofika mlangoni mwa ukumbi, Mrefu, mchekeshaji wa kikundi, alikuwa amejifunga shuka kiunoni. Alilia kwa sauti nyembamba:

"Kule si kwangu, hapa si kwangu tena! Nikae wapi mimi?"

Mpiga ngoma, mwenzao wa tatu, akaangua kicheko. Dada akaweka ufunguo sakafuni, akaondoka.

"Nani yule?" Mrefu akauliza.

"Mwenye maneno." Kimya akaokota ufunguo. "Tuyaondoe."

"Keshokutwa mtihani, wewe! Tukiyaondoa tumekwisha!"

Mwalimu alisikia makelele, akaingia. Alipoelezwa, aliwaketisha.

"Mkimaliza mazoezi huwa mnafanya nini?"

"Tunapongezana, mwalimu," Mrefu akasema. "Halafu chai."

"Basi leo hakuna chai. Kila mkimaliza, jiulizeni: Mtazamaji ameona nini? Tulitaka aone nini? Haya, Kimya?"

"Ameona mwanamke anayechekwa," Kimya akasema taratibu. "Tulitaka aone mtu asiye na pa kukaa."

Mrefu akafungua shuka.

"Sasa mnajua cha kubadilisha," mwalimu akasema. "Na kisa cha mtu huombwa. Akikataa, kiacheni. Chukueni kile kilichowagusa, mtunge tukio lenu wenyewe."

Jioni Kimya alisimama kando ya kitanda.

"Dada, nimekukosea. Ilinipasa nikuombe kwanza."

"Ungeniomba ningekataa. Na sasa nakataa."

"Nimesikia, dada. Tutayaacha."

Dada akageukia ukutani.

Alhamisi walianza upya. Walijaribu, wakakaa, wakajiuliza. Mrefu alipojikwaa makusudi ili achekeshe, Mpiga ngoma akamuuliza, "Hapo mtazamaji ameona nini?"

"Ameniona mimi," Mrefu akakiri, akaacha.

Ijumaa jukwaani palikuwa na viti vitatu. Kimya aliingia kama mgeni. Wenzake walikalia viwili. Cha tatu, Mrefu akakiwekea miguu. Kila mara mgeni aliposogea, waligeuza nyuso. Hakuna aliyesema neno. Ukumbi ulitulia hata pumzi zikasikika. Kisha watatu hao wakawaeleza watahini walichokijaribu, walichokitupa, na kwa nini. Watahini wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Nje, dada, aliyekuwa ameketi nyuma ya ukumbi akitazama, alikuwa akimsubiri. Kimya akamsogelea.

"Yule mgeni si mimi," dada akasema.

"Si wewe, dada."

"Najua. Lakini nilitaka kuinuka nimpe kiti changu."