Pipa Lililojazwa Pomoni

Walikutana sokoni Tarime siku ya gulio, mbuzi wakipita katikati ya miguu ya watu na mikungu ya ndizi ikirushwa kutoka kwenye magari. Sadock, kofia nyekundu kichwani, alikuwa akimsaidia mama yake, Mokami, kuuza maziwa. Waisiko, ndani ya gauni la kitenge cha njano ambalo ndiyo kwanza limetoka kwa fundi, akamkabidhi chupa. Kijana akajaza mpaka maziwa yakamtiririkia dada wa watu vidoleni.

"Mura, we kijana, umenilowesha!"

"Kwetu Itiryo chupa ya mgeni haiachwi shingo tupu, dada. Ukiiacha, umemnyima."

"Na gauni langu?"

"Nitalifua. Nipe namba, nisije nikakosa pa kulirudisha."

Gauni halikufuliwa, namba ilitumika. Baada ya miezi mitatu ya simu, Waisiko alimtafutia kazi ya udereva pale alipokuwa akitunza stoo ya kemikali, katika maabara ya mtu binafsi iliyopima mawe ya wachimbaji wadogo. Kipande cha jiwe kilifungwa ndani ya plastiki ngumu, kikakatwa, kikatazamwa kwa darubini. Plastiki ile ilitengenezwa kwa stairini, kimiminika chepesi kama maji lakini chenye hasira. Chembe zake zikianza kushikana hutoa joto, joto likaziita nyingine, na pipa lililokazwa likapasuka. Dawa ya kuzizuia huchanganywa humohumo, lakini bila hewa dawa hiyo imelala. Ndiyo maana pipa la stairini huachiwa nafasi juu. Waisiko aliyaandika hayo kwa herufi kubwa, akayabandika mlangoni.

Alhamisi saa saba mchana, akiwa kwa mama ntilie, simu iliita.

"Kipenzi, leo utanipenda zaidi," Sadock alisema. "Meneja kataka stoo ipangwe, wageni wanakuja. Yale mapipa mawili yaliyobaki nusu nimeyafanya moja asubuhi. Limejaa pomoni! Kifuniko nimekikaza mpaka viganja vinauma."

Waisiko akaliacha tonge sahanini. "Karatasi ya mlangoni hukuisoma?"

"Karatasi gani, mpenzi?"

Waisiko alikimbia na viatu mkononi. Stoo ile ilikuwa ya bati, haina hata feni. Ofisi ya meneja, Bwana Ezra, ilikuwa na kiyoyozi. Feni, Waisiko aliiomba kwa barua tatu, nakala anazo, na tarehe zote tatu alizijua kama siku yake ya kuzaliwa.

Kipimajoto kwenye pipa kilisoma thelathini na tano. Jana kilikuwa ishirini na moja. Akiwa anakitazama, kikapanda moja.

"Wote nje!"

"Punguza sauti," Ezra alinong'ona, tai ikimbana shingo. "Wageni wako ofisini."

"Basi toka nao!"

Sadock hakutoka. Alivuta mpira wa maji, akalimwagia pipa bila kukoma. Waisiko, barakoa usoni, alilegeza kifuniko taratibu, pumzi ikatoka kwa mlio mwembamba. Akamimina dawa ya kuzuia, akakoroga. Thelathini na nane. Thelathini na nane. Thelathini na saba.

Uani, mbele ya wageni, Ezra alinyoosha kidole. "Dereva huyu! Mimi nilimwambia afagie tu."

Na Waisiko akamgeukia aliyekuwa karibu. "Karatasi niliibandika kwa mkono wangu, Sadock! Unaniambia hukuiona? Ulitaka kuniua?"

Sadock alimtazama. Akaweka ufunguo wa gari chini, akaondoka na nguo zake mbichi. Jioni simu yake ilikuwa imezimwa.

Ijumaa, akimpelekea Ezra ripoti, Waisiko aliona karatasi yake. Ilikuwa chini ya kiyoyozi, imekunjwa, ikinyonya matone. Gundi ya pembeni ilikuwa bado inanata.

"Niliibandua Jumatano, ulipokwisha kuondoka," Ezra alisema. "Ingetisha wageni."

"Mimi ni wa Nyangoto, bosi, kijiji cha jirani na mgodi. Tunajua kulaumiwa kwa shimo tusilolichimba." Akamwekea mezani ufunguo wa stoo. Nakala za barua tatu, na karatasi ile iliyolowa, alizipeleka kwa wakaguzi wa usalama kazini, akasubiri mpaka zikagongwa muhuri.

Gulio lililofuata alipanga foleni ya maziwa. Mama Mokami alimwona kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Aliyekuja leo ni yule aliyemtukana mwanangu, au anayeomba radhi?"

"Wa pili, mama." Akamgeukia Sadock. "Ilibanduliwa. Sikukuuliza. Nilikuhukumu mbele ya watu, nisamehe mbele ya watu."

Sadock alinyoosha mkono. Alichukua chupa ya Waisiko, akamimina polepole kutoka kibuyuni, akakoma pale shingo inapoanza. Vidole viwili vya hewa.

"Umeninyima?" Waisiko aliuliza.

"Nimekuachia nafasi." Akafunga kifuniko, hakukikaza. "Jumapili nikiwatuma wazee wangu Nyangoto, watafukuzwa?"

"Waje mapema," alisema Waisiko. "Baba akishaenda kuchunga, harudi mpaka jua lizame."