Mlango Uliojua Neno Moja

Upande mmoja wa mlango kulikuwa na tanuri kali la kuoka mkate. Upande wa pili, juu ya kigoda, kulikuwa na kipande cha siagi. Tangu asubuhi siagi ile haikuwa imelainika hata pembeni, na mafundi wa kiwanda, watu wasiosifu kitu kirahisi, walikuwa wakipita mmoja mmoja kuibonyeza kwa kidole, kama wanavyopima parachichi sokoni.

"Jamani, msiimalize kwa vidole," alisema Wendo Chibago, mhandisi aliyeubuni mlango huo. Alikuwa anacheka.

Aliuita mlango-kinga. Roboti zilikunja mabati mawili membamba, zikayasimamisha yakitazamana, kisha zikamimina katikati povu-hewa, yaani povu ambalo likikauka linabaki na vitundu vidogo mno, kila kitundu kimefungia hewa yake. Joto likiingia humo linapotea njia. Pembeni pote palizungushwa ukanda wa mpira ambao ulivimba mlango ukifungwa, usiache upenyo hata wa sindano. Katika Dodoma ya miaka hiyo, ambako mchana wa Oktoba watu walikatazwa kutoka nje, mlango kama huo haukuwa urembo. Baba yake Wendo alikufa kwa joto, kitandani mwake. Wendo aliapa kwamba mama yake hatakufa hivyo, na mlango wa kwanza kabisa kutoka kiwandani uliwekwa nyumbani kwa mama.

Shida ilikuwa moja. Kilichozuia joto kilizuia na sauti. Mgeni angepiga hodi mpaka koo limkauke, na mwenyeji hana habari. Kwa hiyo Wendo akautia mlango sikio, kifaa kidogo kilichodaka hodi ya nje na kuirudia ndani. Mwenyeji akijibu "karibu", kitasa kinajifungua chenyewe.

Hapo ndipo vituko vilipoanza. Siku ya pili tu, mama alikuwa akiongea na dada yake kwa simu, akamwambia maharage yako karibu kuiva. Mlango ukafunguka wazi, joto likamwagika ndani, na kuku wa jirani naye akaingia kutafuta kivuli.

"Huu mlango wako una kiherehere," mama alilalamika. "Mtu asiseme kitu nyumbani kwake?"

"Nitaufunza adabu, mama."

Akaufunza kweli. Sasa haukufunguka mpaka usikie kwanza hodi ya nje, halafu karibu ya ndani. Maneno mengine yote, ya ugomvi, ya mapenzi, ya simu, hayakupita. Mambo ya ndani yalibaki ndani. Ndahani, msimamizi wa karakana, aliupigia makofi. Halmashauri ya Jiji nayo ilipopata habari zake ikasema itaununua kwa nyumba zote za wazee, mradi siagi isiyeyuke mbele ya wakaguzi.

Asubuhi moja Wendo alikwenda kwa mama kusoma vipimo vya joto. Alisimama kizingitini akapiga hodi, kwa madaha, apate kuuona mlango ukifanya kazi. Kimya. Alipiga tena, akidhani mama bado amelala. Kimya kile kilimfurahisha, aibu yake: aliupapasa mlango akasema moyoni, kweli hapa haipiti hata pumzi. Kisha akaweka kiganja chake kwenye kitasa, kilichokuwa kinamtambua, akaingia.

Mama alikuwa sakafuni, mlangoni mwa bafu, shavu limelalia vigae. Midomo ilikuwa imepasuka. Alikuwa amelala pale tangu jana yake, na simu ilikuwa jikoni.

"Nimekuitika, mwanangu," alisema kwa sauti iliyokwisha. "Hukunisikia?"

Hospitalini, baada ya nyonga kuwekwa chuma, alieleza yote. Sechelela, jirani wa siku zote, alikuja na uji jioni ya siku ile mama alipoanguka.

"Nilisikia hodi yake waziwazi, utadhani yuko chumbani. Nikamwambia pita. Nikamwambia ingia, Seche, nimeanguka. Nikalia mama wee, nakufa! Akapiga hodi ya pili, akapiga ya tatu, akaenda zake."

Sechelela angefanyaje? Hodi tatu bila jibu, mtu mwenye adabu anaondoka. Alidhani mwenzake amesafiri.

Wendo alisogeza kiti kando ya kitanda. "Mama," aliuliza, "hukusema karibu?"

Mama alimtazama kama anayemsikiliza mtoto wa mtu mwingine.

"Wendo. Mtu aliyevunjika nyonga anasema karibu?"

Wendo akalia palepale, mbele ya wauguzi. Mama alimwacha alie, kisha akamshika kidole.

"Najua ulikuwa unanikinga. Baba yako aliuawa na joto, ni kweli. Lakini alikufa tumemshika mikono, na Seche akimpepea. Mimi sauti ya Seche nilikuwa nayo sikioni, na nilikuwa peke yangu."

Kesho yake Wendo aliingia karakanani, akachora duara dogo katikati ya mlango kwa chaki, akamwomba Ndahani atoboe, mabati yote mawili na povu-hewa lake.

"Mhandisi, si uufundishe tu maneno mengine? Pita, ingia, nisaidieni..."

"Nitaufundisha mangapi? Na anayeweza kugumia tu?"

"Joto litapita. Wakaguzi wanakuja Jumatatu."

"Toboa, Ndahani."

Keekee ililia, vumbi jeupe la povu likamwagika sakafuni. Mlango ulipofungwa tena, Wendo aliwasha tanuri, akangoja saa nzima, kisha akamwacha Ndahani upande wa tanuri, naye akajilaza chini upande wa siagi, shavu kwenye saruji, kama alivyomkuta mama. Hakupaza sauti.

"Nimeanguka," alisema.

"Nimekusikia!" Ndahani alijibu kutoka ng'ambo, akisahau kwamba ni majaribio, na tayari mkono wake ulikuwa unahangaika na kitasa.

Wendo aliinuka, akajikung'uta, akaenda kwenye kigoda. Siagi ilikuwa imeanza kulainika. Aliibonyeza, kidole kikazama hadi kwenye ukucha.

"Tengenezeni yote hivi," alisema. "Jumatatu wakaguzi nitaongea nao mimi."