Meno ya Mke wa Mtu

Jioni ile nilikuwa napanda ngazi za soko kumpelekea mama habari njema, na nilikuwa nimezipanga kichwani kama ninavyopanga hoja kabla ya mdahalo. Kwanza nimwambie meno yamepatikana. Pili nimwambie tutayamudu. Tatu, kabla hajaanza yale ya "mwanangu, hela hiyo malizia chuo", niwe nimeshamshika mkono tunateremka.

Mama yangu ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko ghorofa ya juu ya soko, mwisho kabisa wa ujia, ukishampita fundi viatu. Wanamwita Mama Vifungo kwa sababu hajawahi kutupa kifungo. Nguo kuukuu ikiletwa, ya mtu aliye hai au ya marehemu, yeye huikata vifungo, huvisuuza, huvitia kwenye kopo, na siku moja utavikuta kwenye shati jipya la mtu mwingine kabisa. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kama haogopi.

"Niogope nini? Kwani kifungo kitamlilia mwenyewe?"

Halafu alicheka. Kicheko chake kilikuwa kinasikika hadi chini kwa wauza mchele.

Msimu wa mvua uliopita aliteleza kwenye ngazi hizo hizo, mikono imejaa vitambaa, akaangukia uso. Meno manne ya mbele, ya juu, yakaenda. Fundi cherehani bila meno ya mbele, mnajua maana yake? Uzi alikuwa anaukata kwa meno. Pini alikuwa anazibana mdomoni huku anakusimulia habari za mtaa mzima. Sasa maneno yakawa yanamponyoka, wateja wakawa wanasema "eti?", "umesemaje?", naye akaacha kusema. Akaanza kucheka ndani ya kiganja.

Kiganja kile kilinitia hasira kuliko kitu chochote duniani.

Mjini kuna kliniki yenye bango la mwanamke anayetabasamu, na bei chini ya kidevu chake. Nikaenda. Kumbe bei ile ni ya skrubu. Skrubu tupu, ile inayozamishwa kwenye taya. Picha ya taya ni mbali, ganzi ni mbali, kichwa cha kushikia jino ni mbali, na jino lenyewe, wanaloliita taji, ndilo ghali kuliko vyote na bangoni halimo. Nikakimbilia bima. Bima wakaniambia meno ya mbele ni urembo. Nikamuuliza yule wa dirishani, mwanamke akitaka kuita mwanawe na sauti isitoke kama upepo wa tundu la ufunguo, hapo anajiremba? Akaniambia nisogee, nyuma kuna watu.

Aliyeniokoa ni daktari wa meno wa kliniki ya chuoni kwetu, mama mmoja mpole, anaongea kama anayemlaza mtoto. Alinichorea taya.

"Usiulize bei ya jino," aliniambia. "Uliza bei ya safari nzima, tangu picha ya kwanza mpaka siku mama anatafuna. Ukitajiwa ndogo, uliza inaishia kituo gani. Na uliza ikishindikana, nani analipia kurudia."

Akanionyesha kwamba meno manne hayahitaji skrubu nne. Mbili zinatosha kubeba yote manne kama daraja. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wangemtibu yeye akisimamia, hivyo gharama ingeshuka. Na hatungelipa kwa mkupuo. Skrubu zikishawekwa kuna miezi ya kusubiri, na miezi hiyo ndiyo ya kukusanya hela ya taji.

"Kwa nini tusubiri?" niliuliza.

"Mfupa unaishika skrubu taratibu mpaka unaiona kama ni yake."

"Na ukishashika?"

"Umeshashika. Hapo kutoa ni kuvunja."

Nililipenda neno hilo. Nilipanda nalo ngazi jioni ile, natabasamu peke yangu. Jumatatu mama angepigwa picha. Nafasi yake nilikuwa nimeshaipata.

Umeme ulikuwa umekatika ghorofa nzima. Fundi viatu alikuwa anafunga virago vyake kwa mwanga wa simu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanasheria. Leo unamshtaki nani?"

"Leo nimeshinda kesi."

Hakucheka kama kawaida yake. Alielekeza kidevu mwisho wa ujia. "Mama yako ana mgeni. Yule mzee wa shati jeupe. Amekuja jana, amekuja leo." Akashusha sauti. "Mimi watu nawajua kwa viatu, si unajua? Mtu akipita siangalii uso. Yule kapita hapa mara mbili, na sijaona amevaa nini. Sijaona... hata mguu."

"Umezeeka, mzee wangu."

"Labda."

Nikaendelea na ujia. Giza lilikuwa linajaza vibanda kimoja kimoja. Harufu ikanifikia kwanza. Karafuu, kama kwa daktari wa meno. Chini ya karafuu, udongo. Udongo uliotoka kuchimbwa.

Kisha sauti.

Tak.

Kimya.

Tak.

Niliijua sauti hiyo tangu nikiwa mgongoni. Ni mama anakata uzi kwa meno.

Nikasimama. Halafu nikasikia kicheko, chepesi, chembamba, cha mwanamke aliyezoea kubembelezwa.

Hakikuwa cha mama.

"Mama?"

Aligeuka. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, na kiganja hakikuwa mdomoni. Meno manne, meupe, yamejipanga. Moja limepanda kidogo juu ya mwenzake, kwa namna ya kupendeza. Kwenye benchi la wateja aliketi mzee, shati jeupe, kola ina udongo.

"Shikamoo, baba," nilisema.

Mzee hakujibu. Alijibu mama.

"Marahaba, binti."

Mama hajawahi kuniita binti. Mimi ni mwanangu, mimi ni mama mkwe nikimpigia kelele, mimi ni msumbufu. Binti ni neno la watu wengine.

Kisha akapepesa macho, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, na akarudi. "Mwanangu! Njoo uone." Akanivuta karibu. Pumzi yake ilikuwa ya baridi. "Huyu baba alileta shati nimpunguzie. Akaona ninavyojificha. Akasema, fundi, mimi nina manne sina kazi nayo, yalikuwa ya mke wangu. Hela hataki hata senti."

"Mama. Ya mke wake... yuko wapi?"

"Si amefariki, jamani." Akanong'ona, kwa aibu kidogo. "Nilivyoona ni kama vifungo tu. Nguo imeisha, kifungo kizima. Hayakuuma hata kidogo. Na wewe umehangaika sana na madirisha ya watu, mwanangu. Nilitaka upumzike."

Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika, kabla ya mengine yote. Nilikuwa na nafasi ya Jumatatu mfukoni. Yeye alikuwa amenipunguzia mzigo.

"Anataka nini, sasa?"

"Kukaa tu hapo jioni. Anisikilize nikiongea."

Nilitazama benchi. Lilikuwa tupu. Ubao wake ulikuwa na unyevu.

*

Jumatatu nilimpeleka kwa daktari hivyo hivyo. Nilimweleza yote, akanisikiliza kwa adabu anayowasikilizia wanafunzi waliochoka. Akampiga picha. Akaiangalia, akarudi kumwangalia mama kinywani, akayagonga yale manne kwa chuma chake.

"Hapa hakuna skrubu," alisema. "Wala hakuna pengo. Ufizi hauna kovu. Haya ni meno yake ya kuzaliwa."

"Daktari, alianguka. Nilimfuta damu mwenyewe."

"Mimi nasoma picha tu." Lakini picha hakutaka kunipa, na mlangoni aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama yako... una hakika kinywa hiki ni chake?"

Mwanzoni mama alinitoka jioni tu. Jua likigusa paa la mabati ng'ambo, kicheko kile chembamba kilianza, na mama yangu akanitazama kama mtu anavyomtazama mwenye duka jirani. Asubuhi alirudi, mzima, ananiuliza nimekula nini. Nikajipa moyo. Jioni zake, mchana wangu. Kisha ikawa alasiri. Kisha nikipiga simu mchana naambiwa, kwa upole wa kutisha, "Umekosea namba, binti." Nilikuja kuelewa. Ni malipo kwa awamu. Kila siku kidogo, na anayelipwa hakosi tarehe.

Mama naye alielewa. Hakuniambia, ila nilimwona. Kila jua likianza kushuka alichukua pini, akazibana midomoni, nyingi, safu nzima, midomo imefumbwa kama mshono. Ili yule mke asipate pa kupitia. Ushonaji ukaendelea kimya. Machozi yalimtiririka yakapita juu ya pini.

Nami ndipo nilipomkabili mzee yule. Aliketi benchini, mikono magotini, anasubiri kama mtu aliye kwenye foleni ya haki yake.

"Makubaliano haya ni batili," nilisema. "Hukumwambia gharama yote. Ulimtajia ya mwanzo tu, kama wale wa bangoni."

Alifikiri. Sauti yake ilikuwa kama mchanga unaomwagika polepole.

"Ni kweli. Hoja yako ni nzuri."

Nimeshinda midahalo mingi. Hakuna ushindi ulioniacha mtupu kama ule.

"Basi yatoe."

"Mfupa umeshashika, binti."

"Unamfanyia mtu hivi kwa ajili ya nini? Mkeo amekufa. Mwache."

Akamtazama mama, zile pini, ile midomo, kwa macho ya mapenzi ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu yeyote aliye hai. Ndiyo yaliyonitisha zaidi. Ningejua la kufanya na mtu mbaya.

"Alikufa katikati ya sentensi," alinong'ona. "Alikuwa ananiambia kitu. Alisema, nilikuwa nataka kukwambia... basi. Nangoja amalizie. Akimalizia, nitaondoka."

Nyuma yangu, pini moja ikaanguka sakafuni.

Ting.

Na nyingine.

Sikugeuka. Nilikimbia ujia ule wote, nikampita fundi viatu aliyekuwa amekwisha kufunga, nikashuka ngazi zile zilizomwangusha mama yangu.

*

Jana nilirudi. Mahafali yetu yamekaribia na mama alikuwa ameahidi kunishonea gauni. Nilienda mchana, jua utosini, nikijua huo ndio wakati uliobaki kuwa wangu.

Lazima niseme jambo moja. Mama yangu hajawahi kunipima. Tangu sare ya chekechea mpaka leo, hajanizungushia futi hata mara moja. Ananitazama tu, anasema "umenenepa, msumbufu," anakata kitambaa, na nguo inakaa kama ngozi.

Pini zote zilikuwa zimerudi kwenye kimto chake cha kuzichomeka, zimesimama wima. Mzee alikuwa benchini mchana kweupe, na mwanga wa dirishani ulipita mahali pa miguu yake ukafika sakafuni.

"Karibu, binti," alisema mama yangu. Meno yakang'aa. "Umekuja kushona?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Simama hapa nikupime."

Nikasimama. Ningefanya nini kingine? Futi ikazunguka mabega yangu, baridi. Nilihisi karafuu. Nilihisi udongo. Mdomo ule ukawa karibu na sikio langu, ukavuta pumzi, ukaanza kusema kwa sauti isiyo ya mama.

"Nilikuwa nataka kukwambia..."

Benchi likalia. Mzee alikuwa ameinama mbele.

Hakumalizia.

Futi ikalegea, ikaanguka. Na mikono, mikono ya mama yangu yenye vidole vilivyotobolewa na sindano maisha yote, ikaiacha hapo sakafuni. Ikavuta kutoka chini ya cherehani gauni lililokwisha kushonwa, bila kipimo, ikaniwekea mabegani. Ikanyoosha kola. Ikanifuta uso kwa kiganja, kile kile nilichokichukia kwa kufunika mdomo.

Mdomo ulikuwa unaniuliza, kwa upole, "Na wewe unaitwa nani?"

Mikono haikuniuliza kitu.

Nimelivaa gauni hilo ninapoandika haya. Limekaa kama ngozi. Vifungo vyake vya mgongoni sivioni, navihisi tu. Ni vya baridi, na sijui vilitoka kwenye nguo ya nani.

Kesho nitaenda asubuhi na mapema. Nitaishika ile mikono, nitaihesabu vidole kama mtoto. Maana daktari alinieleza mfupa unavyoshika, taratibu, kuanzia pale kitu kilipopandwa.

Hakuniambia kushika huko kunaishia wapi.