Sipiyu Iliyotoka Matangani

Mezani kila kitu kilikuwepo isipokuwa sipiyu. Skrini ilikuwepo, kibodi kilikuwepo, kipanya kimelala juu ya kitambaa cha kufuma. Pale kasha lilipokuwa limekaa miaka yote, vumbi lilikuwa limeacha mstatili safi kabisa.

Inspekta Zakia Mfaume, mpelelezi wa polisi mjini Lindi, aliinama kuutazama. Nyuma yake alisimama Ismael, aliyekuja kutoka Dar kumzika baba yake, Mwalimu Nikodemu.

"Imeibwa lini?"

"Siku ya mazishi, afande. Alhamisi."

"Leo Jumapili. Mbona unaripoti leo?"

Ismael aliona haya. "Tulidhani ni watani."

Zakia alijiuma mdomo asicheke. Nani Lindi asiyewajua watani wa msibani? Wanajipaka majivu usoni, wanamtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke, wanabeba wanachokitaka. Siku ya kuanua matanga wanavirudisha, familia inavikomboa kwa chochote, yamekwisha.

"Jana tumeanua matanga," Ismael alisema. "Vyote vimerudi, hata kandambili ya kushoto ya mzee. Sipiyu haikurudi."

"Kwa hiyo mwizi alipita mlangoni mchana kweupe, na nyinyi mnamtazama?"

"Kina mama walimpigia vigelegele, afande."

"Ilikuwa nzima?"

"Mbovu tangu Desemba. Ukiiwasha inalia mara moja, inanyamaza. Nilishapatana na mnunuzi wa vyuma chakavu aichukue jana."

Zakia alimulika tochi nyuma ya skrini. Majivu yalikuwa yameacha alama tatu za vidole, vyembamba. Waya haukukatwa, skrubu zake zilifunguliwa kwa utaratibu, zikapangwa kando. Alizichukua zile alama kwa utepe, akazihifadhi. Mwizi wa kuuza angebeba skrini kwanza. Huyu alitaka kilichomo ndani.

Alimkuta Mzee Bashiru, kiongozi wa watani, barazani kwake anakunywa uji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Inategemea. Sipiyu umeichukua wewe?"

"Mimi nilichukua kiti na kandambili. Lile dude sikuligusa."

"Nani alilibeba?"

"Mtu wa majivu kama sisi. Mfupi. Kavaa koti la marehemu, kofia mpaka machoni. Alimtukana marehemu vizuri, mpaka nikaona wivu."

"Alisemaje?"

"'Umekufa kazi hujamaliza, mvivu wewe!' Halafu akalia." Mzee aliweka bakuli chini. "Mtani halii, mwanangu. Hapo ndipo niliposhangaa."

Zakia alirudi kwa Ismael mbio mbio. "Kazi gani baba yako hakuimaliza?"

"Hadithi. Miaka kumi na moja alizunguka kijiji cha Nyangamara akiandika hadithi za Kimwera walizomsimulia bibi vizee. Wengi wao wameshafariki. Zote zimo mle."

"Nakala?"

"Hakuna. Hata ukurasa mmoja hakuuchapa."

"Nawe ulitaka kuiuza kwa mtu wa vyuma?"

"Ilishakufa, afande," Ismael alijibu, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Zakia alihesabu mafundi wa mji mzima, akawafuta wote. Kompyuta ya mwaka tisini na nne hakuna fundi anayetaka hata kuifungua. Anayetaka kuifufua angelazimika kujifunza mwenyewe, na mahali pa kujifunzia palikuwa pamoja tu: intaneti kafe ya Jerome, karibu na stendi.

"Kuna mtu ameulizia programu za kompyuta kuukuu?"

Jerome alicheka. "Mama Benadetha! Tangu Alhamisi jioni kile kiti ni chake. Anatafuta mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure, mdogo, wa kuingia kwenye disketi, maana mashine yake haina hata mahali pa kuweka sidii. Vijana wanatafuta picha za wanamuziki. Yeye anasoma maelezo ya Kiingereza, kamusi pajani. Anadaunlodi saa nzima, umeme unakatika, anaanza upya. Hata skrini na kibodi vya kutumia nyumbani nimemwazima mimi."

Benadetha alikuwa mpiga chapa mstaafu, umri wake miaka sitini na mitatu. Zakia alimkuta amekaa mkekani, sipiyu imewekwa mbele yake, mkononi ana disketi. Ismael, aliyeongozana na inspekta, aling'aka mlangoni.

"Shangazi! Ni wewe?"

Zakia alimnyamazisha kwa mkono. "Shikamoo, mama. Nina alama za vidole. Zitasema."

"Marahaba. Ziache zipumzike, mwanangu. Mimi mwenyewe nina mdomo. Nimeichukua."

"Kwa nini?"

"Nilimwomba huyu, asubuhi ya mazishi. Akanijibu, 'Shangazi, hicho ni chuma.' Wale bibi nawajua kwa majina. Wengine walimsimulia Nikodemu wakiwa kitandani, wakafa wiki ileile. Niache sauti zao zikapimwe kwa kilo?"

"Mbona hukuirudisha jana na wenzako?"

"Disketi ya pili ilikuwa mbovu. Ningeirudisha jana, ingeondoka na lori."

"Marehemu alikuwa nani kwako?"

"Binamu yangu. Mama yake na baba yangu tumbo moja. Tangu siku nilipomwibia mhogo wake wa kuchoma, tukiwa watoto, aliniita mke wake mwizi. Mpaka siku zake za mwisho hospitali aliniita hivyohivyo."

Zakia, aliyekuwa ameshatoa pingu, alizirudisha kiunoni. Binamu! Na binamu ni mtani, wa halali kuliko hata Mzee Bashiru.

"Bwana Ismael," alisema, "kitu alichochukua mtani matangani hakifunguliwi kesi. Kinakombolewa."

Ismael alishusha pumzi. "Unataka nini, shangazi?"

"Kaa hapo usome."

Disketi ya mwisho iliingia. Mashine ililia mara moja. Wote watatu walisubiri, na inspekta aligundua kwamba amebana pumzi. Kisha herufi nyeupe zikashuka juu ya kioo cheusi, mstari baada ya mstari, majina ya hadithi yakajipanga. La kwanza kabisa halikuwa la hadithi. Liliandikwa MWIZI.

Ismael alilifungua, akasoma kwa sauti.

"'Benadetha, ukisoma haya, basi mimi nimekufa na wewe umeniibia kompyuta. Nilijua. Mashine hii imeanza kugoma, na mwanangu ataiita chuma. Msamehe. Nilimfundisha hesabu, nikasahau kumsimulia hadithi. Msimulie wewe.'"

Alijifunika uso kwa viganja, akalia kama ambavyo hakulia kaburini.

"Mvivu yule," Benadetha alisema, naye akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Hata kufa, ananiachia kazi."

Zakia alifungua jalada, akaandika: Mali imekombolewa. Kisha akavua kofia, akakaa mkekani kusikiliza hadithi ya kwanza.